Kidole cha Mukombero

Kwenye steji ya magari ya Bungoma mjini Kitale, mukombero hauna kibanda wala bango. Unatembea. Unabebwa kwenye sinia, umelazwa ubavuni mwa njugu zilizofungwa kwa makaratasi, peremende na sigara za kuuzwa mojamoja, na mchuuzi huunyunyizia maji kila mara usije ukanyauka kwa jua la saa sita. Si mzizi wa kupendeza macho. Una rangi ya udongo, unene wa kidole au wa penseli, umekatwa vipande vya kama shubiri moja na kufungwa vinne vinne kwa ukanda uliochanwa kwenye tyubu ya baiskeli. Abiria wa dirishani anatoa shilingi ishirini, anapokea fungu lake, na juu ya fungu anaongezewa kicheko. Kicheko hakilipiwi. "Mkubwa, leo mama atajua umefika," mchuuzi ananiambia, na gari zima linageuka kunitazama, pamoja na kuku aliyepakatwa kiti cha nyuma.

Kicheko hicho nimekinunua miaka mingi, maana kazi yangu iko Kitale na kwetu ni Bungoma, na safari ya kwenda huko haikosi kutaka kitu mdomoni. Sikuwahi kuuliza swali lolote juu ya mzizi wenyewe. Nani anauliza maswali juu ya njugu? Nilianza kuuliza mwaka ule khocha wangu, kaka yake mama, alipong'olewa magego.

Lakini kwanza utafunwe, ndipo tuelewane. Unakwangua ganda la juu kwa ukucha au kwa meno ya mbele. Chini ya ganda kuna nyama nyeupe inayoelekea manjano, na katikati ya nyama kuna kiini kigumu kama njiti ya kiberiti. Nyama ndiyo inayotafunwa, kiini hutupwa. Mara ya kwanza ulimi unakutana na uchungu wenye ukakasi, na asiyeuzoea hukunja uso na kutafuta pa kutemea. Mvumilivu anasubiri. Harufu inapanda puani kutokea ndani ya koo, harufu ya vanila iliyochanganyika na kitu kama tangawizi, kisha utamu unakuja taratibu kutoka pembeni mwa ulimi na kukaa. Ukinywa maji baadaye, maji matupu ya mfereji, unaapa kwamba kuna aliyetia sukari. Watoto wa kwetu wanaujua mchezo huo kabla hawajajua kusoma.

Kipande cha urefu wa kidole kinanitoa Kitale hadi Kiminini. Nikishika cha pili, taya zangu huomba ruhusa kabla hatujafika Kamukuywa. Sijawahi kumaliza fungu zima kwa siku moja, wala sijamwona mtu aliyelimaliza.

Ile harufu ya vanila si mawazo ya mlaji. Kemikali inayoitoa ni ndugu kabisa wa vanilini ya maduka: atomi zilezile kwa idadi ileile, ila zimepangwa vingine kwenye duara lao. Na si ya kunukia tu. Mwaka 1999 watafiti wawili waliochunguza mimea ya dawa ya Afrika Mashariki walieleza kwamba kemikali hiyo, iliyopatikana pia katika mimea mingine miwili, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi na kinachoyafanya matunda yaliyokatwa yageuke kahawia. Nalisema hili kwa sababu moja. Tunapoambiwa "ni kitu cha asili, hakina kemikali", pua zetu wenyewe zinakataa.

Mmea wenyewe una majina kila unakopita. Waluo wanauita ogombo, Waganda mulondo, na kule KwaZulu-Natal Wazulu wanauita umondi, jina ambalo wanasayansi walilichukua na kuunda la kwao: Mondia whitei. Ni mtambazi unaopanda miti ya misitu ya Kakamega, ya Mlima Elgon na kwingineko, wenye majani mapana yenye umbo la moyo na utomvu mweupe kama maziwa. Kuka wangu, babu mzaa mama, aliutambua kwa alama moja tu: pale majani mawili yanapokutana kwenye shina kuna kishada cha vijinyuzi, kama ukosi wa shati lililochakaa. Ukosi ukiwepo, chimba. Usipokuwepo, acha, hata jani likifanana. Alikuwa hachimbi mwanzo wa shina. Aliufuata mzizi pembeni kwa jembe dogo, akakata matawi mawili ya upande mmoja, akaurudisha udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Nilimuuliza kwa nini asing'oe wote. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini asichinje ng'ombe ili apate maziwa.

Na haukuwa mzizi wa wanaume. Hili nalikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa mtoto, na wa kunipa alikuwa kukhu, bibi yangu. Tulipotoka kwenye malaria tukikataa chakula, alitukwangulia kipande, tukatafuna, na baada ya saa moja hivi tulikuwa tunaulizia ugali. Tumbo likisokota, mukombero. Kichefuchefu cha busaa ya jana, mukombero, huo nao wa wazee. Lile jina la nguvu za kiume lilikuwepo, lakini lilikaa nyuma, kama mjomba mcheshi kwenye harusi, si bwana harusi. Biashara ndiyo iliyomvua huyo mjomba koti lake na kumsimamisha mbele.

Sasa khocha. Ni mwalimu mstaafu, ameshavuka miaka 65, anaishi upande wa Chwele. Ana presha, na kila mwezi huenda zahanati kuchukua vidonge vyake. Ametafuna mukombero tangu ujana, kipande baada ya chakula cha jioni, redio ikisoma habari. Magego yalipoanza kumsumbua akang'olewa moja, kisha jingine, na mwisho akabaki na meno ya mbele ya kuchekea tu. Mukombero ukamshinda. Akakaa miezi kadhaa bila, akilalamika kama mvutaji aliyenyimwa sigara, hadi siku moja akaletewa suluhisho kutoka sokoni: kikopo cha plastiki chenye poda ya kahawia, na juu yake kibandiko chenye picha ya simba. Kibandiko kilitaja mukombero, kikataja na orodha ya kazi zake: nguvu, damu, mgongo, figo, sukari, presha, hamu. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, ndani ya chai.

Baada ya wiki tatu hivi, alfajiri moja, alianguka njiani akienda msalani. Walimkuta amekaa chini, ana kizunguzungu, jasho jembamba. Kwenye kituo cha afya wakampima presha wakaikuta iko chini sana kwa mtu anayetibiwa kwa kuwa nayo juu. Daktari wa zamu akamuuliza anatumia dawa gani. Khocha akataja vidonge vyake vyote kwa majina, kwa matamshi safi ya mwalimu, mpaka rangi zake. Kikopo hakukitaja. Nilipofika Jumamosi nikakikuta mezani, karibu na sukari, nikamuuliza mbona hakusema. Akashangaa kweli kweli. "Aliniuliza dawa," akasema. "Mukombero si dawa, mpwa wangu. Ni mukombero."

Kikopo kile hakikupimwa popote, kwa hiyo sikileti hapa kama ushahidi. Huenda ni vidonge vilivyozidi, huenda ni jua, huenda ni uzee. Ninachojua ni kwamba nililamba poda ile kidogo kwa ncha ya kidole. Uchungu ulikuwepo. Nikasubiri ule utamu wa pembeni mwa ulimi, nikanywa na maji. Maji yakabaki maji.

Nimelifikiri jambo hilo la utamu usiokuja kuliko nilivyofikiri anguko lenyewe. Kwa miaka yote khocha alikuwa na walinzi wawili na hakuwajua. Wa kwanza ulimi: mzizi mwingine wowote usingeweza kumdanganya, maana hakuna mwingine alioujua unaoanza kwa uchungu na kumalizia kwa kuyatia maji sukari. Wa pili taya: zilichoka kabla hajala kingi. Kikopo kimewafuta wote wawili kazi kwa siku moja, na mahali pao pakawekwa simba.

Suala la kiasi si dogo, na waliolionyesha vizuri kuliko wengine ni watafiti wa Kamerun, nchi ambayo nayo inautafuna mzizi huu. Pierre Watcho na wenzake waliwanywesha panya dume dawa iliyotolewa kwenye ganda la mzizi, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito wa panya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, panya waliopewa kwa siku nane walipanda testosteroni, ile homoni ya kiume, na mbegu zao zikaongezeka. Mchuuzi wa Kitale angeipata karatasi hiyo angeibandika kwenye sinia. Lakini watu haohao walikuwa wamechapisha utafiti mwingine mwaka 2001, kwa kipimo kilekile, isipokuwa waliendelea kwa siku 55. Huko mambo yaligeuka. Testosteroni ilishuka, utengenezaji wa mbegu ukasimama, na panya wakashindwa kuzalisha. Walipoachishwa kwa siku 55 nyingine wakarudi kama zamani.

Siku nane, juu. Siku 55, chini. Mzizi mmoja, mkono mmoja.

Panya si mwalimu mstaafu wa Chwele, na dawa iliyochujwa maabara si kipande kinachotafunwa ndani ya matatu. Sisemi kwamba mtu akitafuna miezi miwili atakosa watoto. Bungoma nzima ingekuwa ushahidi wa kunikanusha, na ungekuwa ushahidi wenye kelele. Vilevile mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, waliziweka mbegu za wanaume kwenye sahani ya maabara pamoja na maji ya mzizi huu wakaona zinaogelea kwa kasi zaidi. Hilo nalo ni kweli, na nalo ni sahani, si chumba cha kulala. Ninachokiona ni kwamba swali la "mukombero unafaa au haufai?" limekosewa tangu mwanzo. Swali ni ngapi, na mpaka lini. Taya za khocha zilikuwa zinalijibu kila jioni bila kuulizwa. Kijiko hakichoki.

Ulimi nao una kisa chake, na kisa hicho kilitokea mbali na kwetu, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels iliongeza mitishamba ya Kichina kwenye dawa zake. Mzizi uliokusudiwa ulikuwa na jina linalofanana sana na la mzizi mwingine; kwa Kichina mmoja ni fang ji na mwingine guang fang ji. Uliofika ukiwa umesagwa ulikuwa ule wa pili, wenye sumu inayokausha figo. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mzizi wa kwanza haukuwa na kosa lolote. Hata wa pili, kama ungefika mzima, na ganda lake na harufu yake, labda angepatikana mtu mmoja wa kusema huyu siye. Unga haumwambii mtu jina lake. Ndiyo maana kuka alitafuta ukosi wa shati kabla ya kuinua jembe.

Kwenye biashara ya nguvu za kiume kuna jambo jingine, baya zaidi kwa sababu si la bahati mbaya. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekuwa ikitoa onyo baada ya onyo kuhusu vikopo na vidonge vilivyoandikwa "vya asili" ambavyo maabara imekuta ndani yake sildenafili, dawa ileile inayouzwa tangu 1998 kwa jina la Viagra. Mnunuzi anasifu mizizi, kumbe anasifu kiwanda. Sildenafili ilianza kutafitiwa kama dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Kazi yake ya sasa iligunduliwa njiani. Inafanya kazi kwa kulegeza mishipa ya damu. Mzee anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganyiwa nayo bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka hata asiamke. Na ni nani hasa anayenunua vikopo hivyo? Si kijana wa miaka 20. Ni mzee mwenye presha.

Hapo ndipo kile kicheko cha steji kinaponikera. Mwanamume anayeona nguvu zimempungua mara nyingi ana jambo jingine ndani: sukari ambayo hajaijua, mishipa inayoziba, presha. Mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo huziba mapema, na madaktari wa moyo wameifanya shida hiyo kuwa ishara ya kuangaliwa, kwa kuwa huweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Ni moshi. Huku kwetu mtu anayeuona moshi huo haendi kupimwa, anakwenda steji. Anatoa shilingi ishirini, watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote, na kwa kuwa amecheka, hakuna anayejua kwamba alikuwa anaomba msaada. Mchuuzi ndiye kliniki yake ya kwanza. Kijana wa watu, hana hatia; amesimama juani na sinia.

Katika habari za mizizi nchi hizi zina kumbukumbu moja kubwa, ya Loliondo. Mwaka 2011 Mchungaji Ambilikile Masapila wa kijiji cha Samunge huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, alichemsha mizizi ya mugariga na kuigawa kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, baadhi yakitoka huku Kenya. Wengi walimcheka mzee huyo baadaye. Mimi nakumbuka jambo moja kwa heshima: kilikuwa kikombe, na kilikuwa kimoja. Mtu hakuuziwa debe akajipimie nyumbani. Kilichowaumiza baadhi ya watu hakikuwa kikombe, bali walichokiacha kwa ajili ya kikombe, vidonge vya virusi na vya sukari walivyovitupa njiani wakirudi.

Khocha hakuacha vidonge vyake. Alificha tu jambo ambalo hakujua kuwa analificha, na nadhani najua alikojifunzia. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, na katika macho ya bwana shauri na ya mhubiri, mganga na mchawi walikuwa kapu moja. Kizazi cha khocha kilisoma shule za misheni ambako kitu cha msituni hakikutajwa mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Hawakuambiwa ni kibaya kwa kirefu. Walitazamwa tu vibaya, na mtoto huelewa. Leo tuna Sheria ya Afya ya 2017 yenye sehemu nzima juu ya tiba asilia, na Bodi ya Famasia na Sumu inatakiwa kuzisajili dawa za mitishamba zinazouzwa kama dawa. Lakini lile koti jeupe bado linamziba mzee mdomo, na aliyelivaa anauliza "dawa nyingine?" akiwa tayari anaandika "hakuna".

Kuhusu sheria nina maoni yangu, na si ya mwanasheria. Sinia liachwe. Kumfukuza mchuuzi wa mzizi mbichi ni kumfukuza shahidi, maana ule mzizi unaonekana, unanuswa, unang'atwa kabla ya kulipiwa. Kikopo ndicho cha kufuatwa: kimetoka wapi, kina nini, nani aliyekisaga, na simba huyo ana anwani gani. Mtu atakayeniambia haiwezekani nitamwonyesha jinsi maziwa yanavyopimwa kila asubuhi kwenye vituo vya kukusanyia huku Trans Nzoia: laktomita inayoelea kwenye maziwa, lori likiwa linanguruma nje, na mkulima aliyetia maji anarudi nyumbani na debe lake.

Halafu kuna uhaba. Mchuuzi wangu wa Kitale ananiambia mzigo wake mwingi siku hizi unavuka kutoka Uganda. Zamani, anasema, ulishuka Elgon tu. Anayeuchimba mtambazi huu kwa ajili ya lori hana muda wa kufuata tawi la upande mmoja, anang'oa. Mzizi unapoadimika bei hupanda, na bei ikipanda unga huanza kuongezewa chochote chenye rangi ya kahawia. Kandokando ya msitu wa Kakamega wakulima wamekuwa wakiupanda mashambani, na nadhani huko ndiko kwenye mwanzo wa usalama wake, mapema kabisa kabla ya maabara: mtu anayejua shina limetoka wapi, na ambaye jirani yake anajua anakoishi.

Khocha amepanda wake. Uko kando ya choo, unapanda mparachichi, na ule ukosi uliochakaa unaonekana wazi kwenye kila pingili. Mbegu alizipata kwa mtu wa Kimilili. Zina manyoya kama pamba, alisema, ukipuliza vibaya shamba lako linakwenda kwa jirani. Hadi utakapokomaa ananunua mzizi mzima sokoni, na mjukuu wake anamkwangulia nyama kwa kisu, anachemsha kwenye chai mbele yake. Kwanza lakini khocha huchukua kile kipande, akakinusa, akakigusa kwa ulimi na kusubiri. Hilo la kusubiri halikuhitaji magego.

Mwezi uliofuata lile anguko nilimsindikiza zahanati kuchukua vidonge. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, mchangamfu, mwenye kalamu mbili kichwani kwenye nywele. Alipima presha, akaridhika, akafungua daftari.

"Kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani, mzee?"

Khocha akanitazama. Mimi nikaangalia bango la chanjo.

"Natafuna mukombero," akasema. "Yaani, siku hizi nanywa. Kwenye chai."

Msichana akacheka. Ni kilekile kicheko cha steji, nilikitambua, na mgonjwa wa kwenye benchi nyuma yetu akakidaka naye akacheka. Khocha hakucheka. Alikaa wima kama aliyekuwa akisubiri darasa linyamaze, na darasa likanyamaza. Muuguzi akachomoa kalamu ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imekauka.

"Kiasi gani, mzee?"

Khocha akainua kidole cha shahada mkono wa kushoto, na kwa kidole gumba cha kulia akakata juu yake, kwenye kiungo cha pili.

"Hiki. Jioni. Si kila siku."

Kwenye daftari kulikuwa na safu ya miligramu. Muuguzi akaitazama safu, akakitazama kidole, akaitazama safu tena. Kisha akaandika, pole pole, na herufi zikavuka mstari zikaingia safu ya pili: *mukombero, nusu kidole*. Akageuza daftari ili mwalimu asahihishe.